Kamba Kumi na Sita

Nicanora Manueles alitumia siku tisa kuisokota kamba ile, na siku ya kumi akaipaka nta ya nyuki ncha hadi ncha, mara tatu, mpaka ikawa inateleza mkononi kama kipande cha sabuni. Katika wilaya nzima ya Gualapanca hakuna aliyebisha kwamba kwa kamba za katani mwanamke huyu hakuwa na mpinzani. Wanaume walikuwa na mengi ya kumbishia, lakini hilo walimwachia.

Kubwa walilombishia lilikuwa fimbo. Fimbo ya uongozi wa wilaya, ile nyeusi yenye tepe za rangi nne, ilikuwa mikononi mwa wanaume tangu enzi za mfalme wa Uhispania, na Januari ile ilimwangukia Nicanora kwa njia isiyo na heshima yoyote. Wazee wa mtaa wa juu na wazee wa mtaa wa chini waligombana siku tatu juu ya wanaume wawili, hakuna aliyekubali kulegeza, wakaishia kumchagua mjane wa miaka hamsini na minane wakidhani atakaa kimya, atasokota kamba zake, na mwaka utapita. Maskini wazee! Walijuta kabla ya Kwaresima. Mama huyo aliwafukuza walevi barazani, wazee watatu wakiwemo, na wiki iliyofuata akawapeleka haohao kuzibua mifereji.

Halafu, mwezi wa Februari, Don Rutilio Paguada akazungusha seng'enge kwenye chemchemi ya Quelaca.

Don Rutilio alikuwa mfugaji wa wilaya jirani ya Yarusica. Baba yake alitoka bondeni na kununua malisho kule miaka arobaini iliyopita. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ng'ombe mia nne na tabasamu moja, alilolitumia harusini na msibani bila kulibadilisha. Alisema chemchemi iko upande wake, na ushahidi wake ulikuwa jiwe la mpaka, kubwa kama ndama, lililosimama kwenye mteremko wa mlima Suyate hatua mia moja chini ya maji, likiwa limepakwa chokaa mpya. Kila mtu Gualapanca alijua jiwe lile lilikuwa likisimama juu ya chemchemi, wala si chini yake. Kila mtu alijua lilishuka mlimani mwaka wa kimbunga, watu walipokuwa wakizika wafu wao na hakuna aliyekuwa na muda wa kuchunga mawe. Lakini nani aliyeliona likibebwa? Hakuna. Na mahali lilipokuwa pamemea magugu na vichaka, mmoja anaonyesha huku, mwingine kule, na wazee wawili walikuwa hawasalimiani kwa sababu hiyo.

Tangu siku ile wanawake waliteremka mtoni, saa mbili kushuka na saa tatu kupanda na mtungi. Maharage yalikauka yakiwa na maua. Mkonge uliovunwa ulioza kwa kukosa maji ya kuuoshea, na Gualapanca isiyo na katani ya kuuza ni wilaya isiyo na chumvi wala viatu. Barua zikaandikwa, zikajibiwa kwa barua, mpaka ofisi ya ardhi ya mji mkuu ikakubali kumtuma mpima kwa siku moja, Alhamisi. Atapima, ataandika, na jalada litafungwa.

Nicanora hakujidanganya. Chemchemi ikienda, watu hawatasema Rutilio aliiba maji. Watasema maji yalipotea mwaka ule fimbo iliposhikwa na mwanamke. Aliwajua watu wake, naye alikuwa mmoja wao. Wajukuu wake wangeambiwa hilo mpaka wazeeke.

Alhamisi asubuhi watu karibu mia mbili walikusanyika penye Jiwe la Msalaba, mwamba mkubwa kuliko kanisa ambao hata Don Rutilio asingeweza kuusogeza. Mpima alikuwa amekwisha kufika juu ya nyumbu, mtu mwembamba mwenye miwani, jina lake Saravia. Alishuka, akajinyoosha mgongo, akawatazama wanaume mmoja mmoja.

"Mwenye fimbo ni nani?"

"Huyo hapo mwenye sketi, injinia," alisema Crescencio. Crescencio alikuwa baba wa ubatizo wa binti wa kwanza wa Nicanora, kwa hiyo wakaitana kompadre na komadre, naye mdomo wake haukuwa na breki. "Hata sisi tulishangaa. Sasa tumezoea."

"Wewe hujazoea," alisema Nicanora. "Umechoka kubisha tu." Akaifungua kamba begani. "Bwana mpima, tutaanzia hapa."

Saravia akaitazama. "Mama, mimi nina futi ya chuma. Na darubini ninayo. Kamba ya nini?"

"Hati yetu inasema kamba. Futi yako ilikuwa haijazaliwa."

Don Rutilio, juu ya farasi wake, akatabasamu lile tabasamu. "Mwache, injinia. Akitaka kupima kwa sketi pia mwache."

Mpima hakucheka. Alikuwa na tabia ya watu wa namba, ya kutocheka mpaka ahesabu kwanza. Aliilaza kamba chini, akaipima kwa futi yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akigeuza hesabu kuwa vara, kile kipimo cha Kihispania kisichofika mita moja, akarudia. Kisha akaivua miwani.

"Vara hamsini kamili. Haizidi unene wa kidole. Umeitengeneza mwenyewe?"

"Kwani iliota yenyewe?"

Hapo mpima akacheka, na watu wakapumua. Nicanora alijisikia vizuri mno, na hilo halikuwa siri. Kichwa kilimvimba kidogo chini ya kitambaa chake chekundu, na nani angemlaumu?

Mwalimu Delmira akaifunua hati. Yeye peke yake wilayani ndiye aliyeweza kuusoma mwandiko ule wa miaka zaidi ya mia mbili, uliokuwa umejikunja kama mizizi ya tangawizi. Akasoma kwa sauti ya darasani: "Kutoka Jiwe la Msalaba, tukielekea jua linapochomoza, kwa mgongo wa Suyate, tulitandika kamba kumi na sita, na hapo tukasimamisha jiwe. Na chini ya jiwe tukazika makaa ya mwaloni, na kigae kimoja cha paa la kanisa kilichovunjwa vipande vitatu, ili viwe mashahidi."

Nicanora alikuwa akimtazama Don Rutilio, si hati. Aliona tabasamu likipungua upana kwa mara ya kwanza tangu amfahamu. Watu wa bondeni hupanda miti mipakani na kuiwekea alama. Hawajui kwamba mlimani jiwe la mpaka huwa na wenzake ardhini. Aliyelibeba jiwe lile hakujisumbua kuchimba.

"Haya, tandikeni," alisema mpima.

Wakatandika. Crescencio alishika ncha ya nyuma, Nicanora ncha ya mbele, mpima akihesabu na karani wake akiandika. Kamba ya kwanza, ya pili, ya tano. Kamba ya kumi ikawafikisha kwenye jiwe la chokaa. Hakuna aliyeligusa, ingawa mwanamke mmoja alilitemea mate. Wafanyakazi wa Don Rutilio wakainua seng'enge shingo upande ili watu wapite chini. Kamba ya kumi na mbili ikapita ubavuni mwa chemchemi, na wanawake wakainama wote kwa pamoja kunywa, na ikabidi Nicanora agonge fimbo chini kuwainua. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Ya kumi na sita ikaishia kwenye vichaka, mahali pasipo na chochote cha kutazama.

"Hapa," alisema mpima. "Chimbeni."

Vijana wanne wakavua mashati. Waliimba mwanzoni. Shimo lilipofika magotini waliacha kuimba, lilipofika kiunoni waliacha kuzungumza, na lilipofika kifuani walikuwa wakitoa udongo mwekundu msafi, usio na kaa hata moja, udongo ambao haujawahi kuguswa na binadamu tangu Mungu auweke pale. Wakapanua kushoto. Wakapanua kulia. Walikuta jiwe dogo, wakashangilia, kisha wakagundua ni jiwe tu.

Tabasamu la Don Rutilio likarudi mahali pake.

"Doña Nicanora," alisema, "ukimaliza shimo hili naomba uniachie. Nitafugia samaki."

Wafanyakazi wake wakacheka. Watu wa Gualapanca walinyamaza, na hilo lilimuuma Nicanora zaidi. Hata Crescencio alikuwa akikwangua matope kwenye kiatu chake kana kwamba kuna mtu atamlipa. Nyuma kidogo mzee mmoja akasema, si kwa sauti ya kunong'ona, "Si tulisema?" Nicanora alilisikia. Alitamani ardhi iliyogoma kutoa kigae ikubali walau kummeza yeye.

Saravia akatazama kilele, ambako mawingu yalikuwa yameanza kuteremka kama kila siku. "Mama, nina saa mbili, zaidi ya hapo darubini yangu haioni kitu. Hati ilinipa namba, namba nimeifuata. Siwezi kuchimba mlima mzima."

"Na ukiuchimba mzima utapata makaa tu," alisema Don Rutilio. "Watu hawa wamechoma mashamba humu tangu Adamu."

Mpima akaafiki kwa kichwa, kwa sababu lilikuwa kweli. Kisha, akiwa mtu wa kumaliza mambo, akamgeukia mwalimu. "Hati imeishia hapo?"

"Kilichobaki ni malalamiko, injinia," alisema Delmira. "Karani wa mfalme amelalamika ukurasa mzima. Huwa tunauruka."

"Mimi nimetoka mji mkuu kwa nyumbu. Nisomee malalamiko."

Delmira akasafisha koo. "Na ijulikane ya kuwa kamba ya serikali, iliyopakwa nta, ililiwa na panya nyumbani kwa padri, na wenyeji wakatusokotea nyingine usiku, ya mkonge mtupu, tukaipima alfajiri mbele ya mlango wa kanisa, vara hamsini. Na tangu tulipoliacha Jiwe la Msalaba mvua haikutupumzisha siku ile hata kidogo. Soksi zangu zimeoza miguuni. Nyumbu wangu amelala chini, hataki kuamka, nami namwonea wivu."

Watu wakaangua kicheko, hata waliokuwa na machozi. Karani yule alikuwa amekufa miaka mingi lakini alijua kulalamika.

Nicanora hakucheka. "Rudia hapo kwenye kamba," alisema.

Delmira akarudia.

"Na mvua?"

Delmira akarudia na mvua.

Nicanora akaishika kamba yake, ile kazi ya siku kumi, akaipitisha vidoleni. Nta ilikuwa ngumu na safi. Tone la maji lingeanguka juu yake lingeteleza likaenda zake. Miaka arobaini na tano alikuwa akisokota katani, na alikuwa amechimbisha shimo tupu kwa ajili ya majivuno.

"Nimekosea," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nimepima kwa kamba kavu yenye nta. Wenzetu walipima kwa kamba tupu, iliyolowa. Crescencio, mzigo ukinyeshewa juu ya nyumbu, kamba inafanyaje?"

Crescencio akafikiri. "Inakaza. Usipoilegeza nyumbu anapiga kelele." Halafu taya likamshuka. "Inafupika."

"Inafupika. Walidhani wana vara hamsini, na mkononi wana pungufu. Jiwe letu halikuwa hapa. Lilikuwa nyuma."

Zogo likazuka. Ilikuwa kama amewatukana. Nyuma? Walikuja kudai ardhi, na mwenye fimbo wao anairudisha? Mzee wa "si tulisema" akasema tena, mara hii akiwa na kundi. Don Rutilio alikuwa akicheka mpaka farasi anatikisika.

"Mwacheni mama wa watu! Ananionea huruma. Rudi, Doña Nicanora, rudi kabisa, ukifika kwenye jiwe langu utanikuta."

Crescencio akamvuta Nicanora pembeni. "Komadre, sikiliza. Tupanue shimo hapahapa. Kila hatua tunayorudi ni ardhi ya watoto wetu. Hawa watu watakula nyama yako mbichi."

"Kompadre, mnataka chemchemi au mnataka shimo?"

"Nataka usiaibike."

"Nimeshaaibika. Sasa nina nafasi ya kufanya kazi." Akamwacha, akagonga fimbo chini mara tatu, na fimbo ile ikigongwa mara tatu hata walevi hunyamaza. "Fungueni mizigo ya nyumbu! Kamba zote! Mitungi ya pombe iwekeni kivulini, na atakayeigusa kabla ya kigae kupatikana nitamjua."

Kamba za mizigo zilikuwa zake pia, alizowauzia mwenyewe, katani tupu bila nta. Akaketi chini, akafumua ncha na kuzisokota upya moja kwenye nyingine, vidole vikienda haraka kiasi kwamba mpima alisimama akitazama kama mtoto. Kamba nne zikawa moja. Saravia akaipima kwa futi yake ya chuma, Nicanora akakata palipozidi. Vara hamsini.

"Andika," mpima alimwambia karani wake.

Kisha wakaipeleka kwenye chemchemi. Wanawake wakaingia majini na sketi zao, wakaizamisha, wakaikanyaga, wakaigeuza kama wanavyofua mablanketi, na kwa sababu ilikuwa mara yao ya kwanza majini tangu Februari walichukua muda zaidi ya uliohitajika, na hakuna aliyewaharakisha. Ilipotolewa ilikuwa nzito na imekakamaa. Saravia akapima. Akapima tena. Mara ya tatu akampa futi mfanyakazi wa Don Rutilio, apime yeye.

"Vara arobaini na saba na nusu," alisema yule mfanyakazi, akamwangalia bosi wake kana kwamba anaomba radhi.

Mpima alikuwa ameshaanza kuzidisha kichwani. "Mara kumi na sita… Vara arobaini zinapungua."

"Usihesabu, bwana mpima," alisema Nicanora. "Wenzetu hawakuhesabu, walitandika. Tunarudi Jiwe la Msalaba."

Wakateremka mbio. Wazee, wanawake, mpima na miwani yake mkononi, wote wakashuka mgongo wa Suyate wakiteleza, na mbwa wanane mbele yao. Mawingu yalikuwa yameshafunika kilele na yanakuja. Wakaanza upya. Crescencio nyuma, Nicanora mbele, na pembeni wanawake wenye mitungi wakiimwagia kamba maji ya Quelaca kila ilipotaka kukauka. Sasa watu wote walihesabu. Tano! Sita! Ilipofika kumi, jiwe la chokaa lilikuwa mbele kidogo, wakalipita bila kuligeukia. Kumi na mbili! Kumi na tatu! Seng'enge na chemchemi vikabaki nyuma tena. Nicanora alikuwa akihema, sketi imelowa mpaka magotini, na kifua kinamwambia keti. Hakuketi. Kumi na tano! Kumi na sita!

Aliikita fimbo mahali ncha ilipoishia. Shimo lao la kwanza lilikuwa juu zaidi, hatua arobaini hivi. Chini, chemchemi ilikuwa bado inaonekana. Hapa palikuwa na majani tu, na ukitazama vizuri, kibonde kidogo kama mahali ambapo ng'ombe alilala.

Hakuna aliyeimba. Jembe likaingia udongo mwekundu, mwekundu, mwekundu, halafu mweusi.

"Makaa!" alipiga kelele kijana aliyekuwa shimoni.

"Makaa, ndiyo," alisema Don Rutilio haraka. Alikuwa ameshuka kwenye farasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu wa Gualapanca. "Nilisema mapema. Injinia, nilisema. Makaa yako kila mahali."

"Alisema," mpima alikubali, na roho za watu zikarudi juu.

Nicanora akamtoa kijana shimoni, akaingia mwenyewe. Hakutaka jembe. Alipiga magoti akapekua kwa vidole, kama anayetafuta sindano kwenye blanketi, akatoa konzi baada ya konzi ya makaa ya mwaloni, mengine bado yana umbo la tawi. Akagusa kitu kigumu. Akakifuta kwa kiganja cha mkono wake, kwa mate, kwa sketi. Kipande cha kigae. Akakipandisha. Akagusa kingine, kimesimama wima, akakipandisha. Cha tatu hakikuwepo.

Alipekua upande mmoja. Alipekua upande wa pili. Alisikia watu wakivuta pumzi juu ya kichwa chake na Don Rutilio akianza kusema, "Vigae vya kuvunjika viko hata jalalani kwa…", na mkono wake ukaingia chini ya mzizi mnene, ukabana pale, na ndani ya mzizi, umekikumbatia miaka yote ile, palikuwa na kipande cha tatu. Ilibidi wakate mzizi kwa panga.

Saravia alivipokea. Akavimwagia maji ya chupa yake mwenyewe, akavisugua kwa leso, akavipanga juu ya ubao wa karani. Kwenye kipande kimoja kulikuwa na alama ya ajabu, duara lililobonyea. Kwenye cha pili vitone viwili. Kwenye cha tatu vitone viwili vingine na mkwaruzo. Akavisogeza. Vikashikana bila pengo hata la unywele, na duara na vitone vikakutana katikati vikawa wayo mzima wa mbwa, aliyepita juu ya kigae kikiwa bado kibichi kimeanikwa juani, mbele ya kanisa, siku ambayo hata mababu wa mababu hawaikumbuki.

Mpima akaivaa miwani yake. Kisha akauinua ubao juu ili wote waone.

"Jiwe la mpaka ni hapa," alisema. "Chemchemi iko Gualapanca."

Sijui kama umewahi kusikia watu mia mbili wakipiga kelele katika mawingu. Mawingu yanairudisha sauti. Wazee wa mtaa wa juu waliwakumbatia wazee wa mtaa wa chini, wale wawili wasiosalimiana wakajikuta wameshikana mikono na ikawa aibu kuiachia. Crescencio alikuwa akilia wazi wazi.

"Mbwa!" alisema. "Barua zote zile, na ushahidi kautoa mbwa wetu!" Akamgeukia Nicanora, akavua kofia. "Komadre, ulipotaka turudi nyuma nilikuona umechanganyikiwa. Nisamehe."

"Nitakusamehe ukinitoa shimoni," alisema Nicanora, na sauti ilimtoka nusu, kwa sababu naye alikuwa analia. Alilia kwa furaha na kwa uchovu na kwa hasira ya miezi yote ile, bila kujificha, na matope yakamchora mashavuni.

Ile kamba ya nta nayo ikapata kazi. Wanaume arobaini walilifunga jiwe la chokaa wakalivuta mpaka juu, na kamba haikukatika hata uzi. Walipolisimamisha juu ya mashahidi wake, mpima akasema bado jambo moja. Sheria ya zamani ilikuwa haijafutwa. Mwenye fimbo lazima achukue ardhi mbele ya jirani, na jirani atie sahihi.

Nicanora aliijua kazi hiyo kwa kusimuliwa tu. Aling'oa majani kwa mikono miwili. Akarusha mawe manne, pande nne, na la magharibi likamkosa mwalimu Delmira kidogo tu. Akatembea huku na huko juu ya ardhi ile kwa miguu mitupu. Halafu akasimama karibu na jiwe na kuuliza kwa sauti ya juu, kama inavyotakiwa:

"Yupo anayepinga?"

Watu kimya.

"Yupo anayepinga?"

Mtaa wa juu kimya, mtaa wa chini kimya. Mzee wa "si tulisema" alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Mara ya tatu Nicanora hakuwauliza watu wote. Alimgeukia Don Rutilio, akatembea mpaka mbele yake, mfupi, mchafu, amelowa, fimbo mkononi.

"Don Rutilio. Yupo anayepinga?"

Tabasamu halikuwepo. Bila lile tabasamu alionekana mtu wa kawaida tu, aliyezeeka kidogo. Akafungua mdomo. Saravia alikuwa pembeni, kalamu tayari, akisubiri kwa heshima kabisa. Don Rutilio akautazama ubao wenye wayo wa mbwa, akaufunga mdomo, akachukua kalamu, akaandika jina lake mahali alipoonyeshwa. Kisha akapanda farasi na kuondoka, na watu walimpisha njia. Karani wa mpima akaandika juu ya jina hilo: aliyechukua ardhi kwa niaba ya wilaya, Nicanora Manueles, mwenye fimbo.

Mitungi ya pombe ya mahindi ikafunguliwa, ya kwanza ikamwagwa juu ya jiwe, nyingine zikafuata njia zake za kawaida. Ukungu ulikuwa umewafikia sasa, na seng'enge kule chini ilionekana kama mistari ya penseli. Crescencio akamletea Nicanora bilauri iliyojaa.

"Kunywa, komadre. Watu wamechoka, giza linakuja. Hizo waya tutazikata kesho asubuhi."

Nicanora akanywa yote, akamrudishia bilauri, akachukua panga lake kwenye majani.

"Leo," alisema, akaanza kuteremka, na wanawake wote wakainuka na mitungi yao wakamfuata.